Mkono wa Chuma na Nia ya Mtu

Neno roboti si geni tena hapa Lubumbashi. Mwaka 2013 mhandisi wa Kikongo, Mama Thérèse Izay Kirongozi, alisimamisha katika njia panda za Kinshasa mitambo mikubwa yenye umbo la mtu, ili iongoze magari; na baadaye mji wetu nao ukapata ya namna hiyo. Kazi ya mitambo hiyo ni nyepesi kuieleza. Huinua mkono, hugeuza kifua, huwasha taa nyekundu au ya kijani, kila jambo kwa wakati uliopangwa. Haimwulizi mtu yeyote anataka nini: dereva mwenye haraka na dereva asiye na haraka husimamishwa sawasawa. Neno roboti lenyewe lilizaliwa mwaka 1920 katika mchezo wa kuigiza wa Mcheki Karel Čapek, nalo latokana na neno la kwao lenye maana ya kazi ya shuruti. Wazee wetu wa Katanga hawana haja ya kuelezwa kazi ya shuruti ni nini.

Leo lakini nataka kuwaelezea mitambo ya jamaa nyingine, ile inayovaliwa mkononi na mtu aliyepooza. Mwajua kwamba sisi wanadamu mifupa yetu i ndani na nyama i nje. Panzi amefanywa kinyume: gamba gumu nje, nyama ndani. Basi wahandisi wamemwiga panzi. Wametengeneza mkono wa chuma ulio mtupu ndani, wenye bega, kiwiko na kifundo chake, na katika viungo vyake wametia mota za umeme. Mgonjwa huingiza mkono wake humo, hufungwa mikanda, na mkono wa chuma unapokunjuka, mkono wa nyama hukunjuka pamoja nao. Wataalamu huuita eksoskeletoni, yaani mifupa ya nje.

Mtauliza, katekista ana shughuli gani na mota na nyaya? Sababu yake ni mjomba wangu.

Mjomba huyu, kaka wa mama yangu, alikuwa mwendesha kreni katika karakana za Gécamines kwa miaka mingi. Alikaa juu karibu na paa, ndani ya kijumba cha chuma, akahamisha mizigo ya tani nyingi kwa kusogeza wenzo kwa vidole viwili. Miaka miwili iliyopita aliamka alfajiri akaona mkono wake wa kuume umelala kando yake kama mkono wa mtu mwingine. Mdomo ulikuwa umepinda. Ni kiharusi, kilicholetwa na presha ambayo hakuwahi kuipima. Alitibiwa, akapona kufa. Mguu ukarudi hata anatembea kwa fimbo. Mkono haukurudi.

Sasa fikirini juu ya chakula. Kwetu bukari hufinyangwa na kuliwa kwa mkono wa kuume, na mtu hamnyoshei mwenzake mkono wa kushoto, wala kwa salamu wala kwa sahani. Tangu siku ile mjomba hali tena na wageni. Mkaza mjomba humpelekea sahani chumbani, naye hufunga mlango. Kila mwaka siku ya Noeli yeye ndiye aliyekuwa akiketi kati ya wajukuu na kuwagawia nyama. Sasa sauti yake husikika kutoka chumbani ikiuliza kama watoto wameshiba.

Ndipo binamu yangu mmoja aliyeko Johannesburg akatuma katika simu picha za sinema. Ndani yake mtu aliyepooza anavaa mkono wa chuma, anashika kikombe, anakunywa, watu wanapiga makofi. Binamu akaandika: tuuze kiwanja cha mjomba kule Kalebuka, tumnunulie baba mtambo huu. Baraza la jamaa likakutana. Kwa kuwa nilisoma seminari miaka kadhaa, jamaa hunipa kila barua na kila karatasi ya daktari niisome, na safari hii nikapewa kazi ya kuchunguza kama mtambo huo ni wa kweli. Wote walizungumza kwa muda mrefu isipokuwa mwenye mkono. Mwishowe akasema:

“Mwipwa wangu, kreni yangu ilikuwa na nguvu kuliko watu mia. Lakini haikuinua kitu mpaka mimi nisogeze wenzo. Mkono huu ndio uliokuwa ukisogeza wenzo, nao umekufa. Je, mtambo huo, wenzo wake uko wapi? Utajuaje ninachotaka?”

Nilisoma kwa miezi, nikawauliza wanaojua, na kila mtaalamu niliyemsoma alikuwa akihangaika na swali hilo hilo la mwendesha kreni. Nguvu si shida. Mota ya kuinua mkono wa mtu hutengenezwa bila taabu kubwa, maana mkono mzima pamoja na kiganja ni kama sehemu moja katika ishirini ya uzito wa mwili: mtu wa kilo 70, mkono wake una kilo 3 na nusu hivi. (Mota hizo zimezungushiwa nyaya za shaba, na betri nyingi zina kobalti. Nani ajuaye, labda shaba yenyewe ilipita chini ya kreni ya mjomba.) Shida ni kuijua nia ya mtu.

Yafaa kwanza tujue kiharusi kimevunja nini. Watu husema mkono umekufa, lakini mkono wa mjomba hauna ugonjwa. Misuli yake i hai, mishipa ya fahamu itokayo uti wa mgongo hata vidoleni i mizima. Kilichoharibika ni sehemu ya ubongo, upande wa kushoto, kwani upande wa kushoto wa ubongo huamuru upande wa kuume wa mwili. Ni kama mgodi ambao wafanyakazi wote wapo chini, wana nguvu na vyombo, ila simu ya mkubwa wa kazi imekatika. Mara nyingi haikukatika yote. Waya mmoja au mbili bado zapitisha sauti ndogo, isiyotosha kusogeza mkono, lakini ipo.

Kazi ya mhandisi ni kuisikia sauti hiyo ndogo. Wengine huisikiliza msulini. Msuli unapoamriwa kujikunja hutoa umeme kidogo sana, hata kama haukuweza kusogeza kitu, na umeme huo hufika juu ya ngozi. Ukibandika hapo vibati vya kupimia, waweza kuupokea, kuukuza, na kuiambia mota: mwenye mkono ataka kukunja kiwiko, basi msaidie. Katika Marekani iko kampuni iitwayo Myomo inayouza mkono wa kuvaa wa namna hiyo, jina lake MyoPro. Wengine hupanda juu zaidi, wakasikiliza kichwani penyewe. Mgonjwa huvalishwa kofia yenye vipokeo vinavyogusa ngozi ya kichwa. Lakini umeme wa ubongo ukifika huko nje umekuwa haba mno, sehemu makumi chache katika milioni ya volti moja; betri ya tochi, ambayo tunaiona dhaifu, ina volti 1.5. Mtu akipepesa jicho tu, umeme wa jicho hufunika umeme wa wazo.

Hata hivyo wamefaulu kwa kiasi. Mwezi wa Aprili 1921 jambo hili lingeitwa uchawi. Aprili 2021 serikali ya Marekani ilitoa ruhusa ya kuuzwa kwa chombo kiitwacho IpsiHand, cha watu wa kiharusi. Kina kofia ya kichwani na chombo cha kuvaa kiganjani kinachofungua na kufunga vidole. Kilichonistaajabisha ni mahali kinaposikiliza. Hakisikilizi upande wa ubongo ulioharibika, bali upande mzima, kwa sababu mtu anapotaka kusogeza mkono, hata upande ule usio mwamuru mkuu hushiriki kidogo katika shauri. Ni kama kupata habari za nyumba iliyofungwa kwa kumwuliza jirani.

Na katika Afrika yetu, nchini Kenya (nasema Kenya ya Nairobi, si komuni yetu ya Kenya), vijana wawili waliojifunza wenyewe, David Gathu na Moses Kiuna, wametengeneza mkono wa mtambo unaoongozwa na kifaa cha kichwani kinachopokea dalili za ubongo. Vipande vingi walivyotumia vilitoka katika vyombo vya umeme vilivyotupwa. Nilipomwonyesha mjomba picha zao alicheka kwa furaha, akasema hawa wangepata kazi karakanani siku ile ile.

Lakini kusikia sauti si sawa na kuielewa. Nitawapa mfano wa nyumbani. Mwezi wa tatu baada ya kiharusi mjomba alipiga miayo, na mkono ule uliolala ukainuka wenyewe hata kifuani. Mkaza mjomba alipiga vigelegele, majirani wakaja. Miayo ilipokwisha mkono ukashuka, na mjomba hakuweza kuuinua tena kwa kutaka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kine kama watu wasemavyo mjini, alitueleza kwamba jambo hilo lajulikana kwa waganga: miayo hupita njia nyingine ya ubongo, isiyo njia ya nia. Sasa fikirini mtambo unaosikiliza msuli. Msuli umepiga kelele. Je, ni mtu anataka kikombe, au ni mtu amechoka anapiga miayo? Tena baada ya kiharusi misuli mingine hukaza yenyewe, na ukiivuta kwa haraka huzidi kukaza. Mtambo usioweza kutofautisha kukaza kwa ugonjwa na kukaza kwa nia utamvuta mtu mahali asipotaka kwenda. Ukiwa wa kukawia, nao hauna faida: mtu ametaka, hakuona kitu, amekwisha kukata tamaa, ndipo mkono unaanza kwenda. Kwa hiyo mitambo hii yote hupewa kitufe cha kuisimamisha mara moja, na umeme ukikatika mkono wa chuma sharti ushuke polepole, usianguke na mkono wa mtu ndani yake. Hapo nadhani wahandisi wetu wa Lubumbashi wangekuwa walimu wa wengine, maana kukatika kwa umeme twakujua.

Tena kuna jambo la upole. Mitambo ya viwandani imefundishwa kwenda mahali fulani, na ole wake atakayesimama njiani. Profesa Neville Hogan wa chuo cha MIT huko Marekani aliandika mwaka 1985 juu ya namna nyingine ya kuuongoza mtambo: usiambiwe tu uende wapi, uambiwe pia uwe mgumu kiasi gani unapoguswa, kama springi, ambayo yaweza kuwa laini au ngumu. Yeye na mwenzake Hermano Igo Krebs wakatengeneza MIT-Manus, mtambo wa mezani wa kufundisha mikono ya wagonjwa wa kiharusi. Huo hauvaliwi, mgonjwa hushika mpini. Akienda sawa, mtambo hautii nguvu. Akipotea njia, huhisi msukumo mdogo wa kumrudisha, na msukumo huzidi kadiri anavyozidi kupotea. Mama anayemfundisha mtoto kuandika herufi ya kwanza hufanya hivyo hivyo. Humshika kiganja, lakini hakibani kama jiwe.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Huko California, katika chuo kikuu cha Irvine, wataalamu akina Reinkensmeyer na Wolbrecht walikuwa na mkono wa chuma unaosaidia mikono ya waliopooza. Ulisaidia vizuri mno. Wakagundua kwamba kadiri mtambo ulivyobeba kazi, mwili wa mgonjwa ulizidi kumwachia kazi. Mgonjwa hakuwa mvivu, wala hakujua anafanya hivyo. Mwili wenyewe hupunguza jitihada ukiona mwingine anafanya. Na ubongo hurekebika kwa jitihada, si kwa kubebwa. Basi, katika kazi waliyoitoa mwaka 2008, wakautia mtambo kitu cha ajabu: wakaufundisha kusahau. Kila nukta mtambo husahau sehemu ndogo ya msaada uliozoea kuutoa. Mkono ukianza kushuka, mtambo hurudisha kiasi kinachohitajiwa tu. Kisha husahau tena. Hivyo mgonjwa hapati nafasi ya kulala juu ya mtambo.

Niliposoma hayo nilisimama nikazunguka meza. Sisi tunaofundisha watoto twajua aibu hii vizuri. Mtoto akikwama katika jibu la katekisimu, mwalimu mwenye haraka humnong’oneza, na mtoto hurudia kwa sauti kubwa, na paroko hufurahi. Juma linalofuata mtoto hajui kitu. Mwalimu mwema humpa neno la kwanza, akangoja. Safari ijayo humpa herufi ya kwanza tu. Kungoja huko, mbele ya darasa linalochezacheza, ni kazi nzito kuliko kusema.

Binamu wa Johannesburg hakuridhika na hadithi ya kusahau. Aliuliza swali la haki: je, mitambo hii yaponya kuliko mikono ya watu? Hapo nikalazimika kutafuta hesabu, nazo nawaletea kama nilivyozikuta.

Hesabu ya kwanza yampa haki. Mwaka 2009 ilitolewa hesabu ya wataalamu waliokaa katika vyumba vya mazoezi huko Marekani na Kanada wakahesabu miendo. Katika kipindi kimoja mgonjwa wa kiharusi alizoeza mkono wake katika miendo yenye kazi mara 32 tu, kwa wastani. MIT-Manus waweza kumpitisha mgonjwa katika miendo kama 1000 katika kipindi kimoja, nao hauchoki wala hautazami saa. Mtu angesema shauri limekwisha.

Lakini mwaka 2014 watu wa Uswisi walitoa habari za mkono wao wa kuvaa uitwao ARMin, uliojaribiwa kwa wagonjwa 77 katika hospitali nne. Waliovaa mtambo walipata nafuu kuliko waliozoezwa na watu, ni kweli; tofauti yao haikufika alama moja, katika kipimo chenye alama 66. Na mwaka 2019 ilitoka habari ya Uingereza, kubwa kupita hiyo, ya wagonjwa 770. Kundi moja lilizoezwa na MIT-Manus dakika 45, mara tatu kwa juma, majuma 12. Kundi la pili lilizoezwa na watu kwa muda huo huo. La tatu lilipata matibabu ya kila siku tu. Walipopimwa katika kuutumia mkono kwa kazi, kundi la mtambo halikulishinda kundi la tatu, wala kundi la pili halikulishinda. Daktari alipoupima mkono wenyewe aliona unafuu kidogo kwa waliotumia mtambo, lakini unafuu huo haukufika mezani.

Nilimsomea mjomba hayo yote, kwa kuwa mkono ni wake. Nilidhani atahuzunika. Alinyamaza, kisha akauliza: “Je, hao 770 walipewa kufanya miendo gani?” Nikamwambia: mtambo huo huonyesha alama katika kioo, na mgonjwa hupeleka mpini kutoka alama hata alama. Akasema: “Basi walijifunza kupeleka mpini.” Sijui kama wataalamu wangekubali ufupi huo, ila nimesoma baadhi yao wakisema karibu neno hilo hilo kwa kurasa kumi.

Nisije nikaeleweka vibaya. Wako wagonjwa ambao mazoezi peke yake hayatawarudishia mkono, na hao mtambo kwao si mwalimu bali mtumishi. Mtoto aliyepata polio katika mkono, virusi vimeua chembe za fahamu ndani ya uti wa mgongo wake. Simu na waya na mpokeaji vimekwenda pamoja, na huko hakuna sauti ndogo ya kusikiliza msulini. Mtu aliyevunjika shingo kwa kuanguka kutoka juu ya mwembe au juu ya lori, naye vivyo hivyo: amri haipiti. (Sisemi juu ya konzo, ugonjwa wa mihogo michungu isiyolowekwa vema, maana huo hushika miguu zaidi.) Kwa watu hao mkono wa chuma unaosikiliza kichwani ungekuwa mkono wao wa kila siku, na ndiyo maana kazi ya vijana wale wa Kenya ni ya kutiwa moyo. Kwao mtambo usisahau kitu. Ni chombo kingine kabisa, ingawa katika simu vyote viwili vyaonekana sawa, na muuzaji hana haraka ya kuwaeleza tofauti.

Baraza la jamaa likakutana mara ya pili. Bei ya mitambo hii ni makumi ya maelfu ya dola, na mingine huzidi laki moja. Kiwanja cha Kalebuka kisingetosha hata nusu. Nacho ndicho urithi wa wajukuu. Mjomba mwenyewe alikataa kukiuza. Binamu alikasirika, akasema tumechagua ardhi tukamwacha baba. Maneno hayo yaliuma, na mpaka leo hapigi simu mara nyingi kama zamani. Hata hivyo alituma fedha alizokuwa ameweka, nazo zikanunua kipimo cha presha, na zikamlipa kine aje nyumbani mara mbili kila mwezi.

Neno la kwanza la kine lilikuwa katazo, nalo nalipitisha kwenu wenye wagonjwa nyumbani: msimwinue mtu aliyepooza kwa kumvuta mkono. Bega lililolegea hutoka mahali pake, na maumivu yake huzuia mazoezi yote. Neno la pili lilikuwa juu ya uzito. Alisema ule mkono una kilo tatu na zaidi, na msuli dhaifu unamaliza nguvu zake kwa kuubeba tu, hausaliwi na nguvu ya kuupeleka mahali. Nikakumbuka nilichosoma. Huko Marekani, katika hospitali ya watoto ya Delaware, Tariq Rahman alitengeneza mkono wa kuvaa usio na mota hata moja, uitwao WREX, kwa ajili ya watoto wenye misuli dhaifu. Mipira ya kunyumbuka hubeba uzito wa mkono, na mtoto huongeza nguvu yake ndogo. Wale wa Irvine waliufanya mkubwa kwa ajili ya watu wa kiharusi, na kiwanda cha Uswisi kiitwacho Hocoma kilitengeneza wa aina hiyo wenye springi, jina lake Armeo Spring. Wenzo wake uko wapi? Hauna. Wenye kuuamuru ni msuli wenyewe.

Mjukuu wa mjomba anasoma umeme katika shule ya ufundi. Nilimchorea, kine akatazama mchoro, akabadili mahali pawili, akaruhusu. Kijana alikata mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli vipande vinne, akavitundika katika boriti ya baraza, chini yake akafunga kombeo mbili za nguo ngumu, moja ya kiwiko, moja ya kifundo cha mkono. Chini ya kombeo liko dirisha la meza, na juu ya meza sahani ya bati. Kazi ya mjomba ni kupeleka mkono kutoka ukingo wa meza hata ukingo wa sahani, na kurudi. Si alama ya kioo, ni sahani. Kijana huketi kando na daftari akihesabu, na amekatazwa kusukuma. Siku za kwanza ilikuwa taabu kumwona, maana mkono ulitetemeka njiani, ukasimama, na kila mtu aliyepita barazani alitaka kumsaidia mzee. Mkaza mjomba ilimbidi akae jikoni asione.

Siku ya kwanza ilikuwa mara 4. Baada ya miezi saba, siku ya Jumamosi iliyopita, ilikuwa mara 61 kabla ya kuchoka. Vidole bado havifinyangi bukari. Vyafunga kidogo, kufungua havifungui, na kine hasemi kama vitafungua. Chakula bado ni chumbani, ila mlango hafungi tena, na mtoto mdogo kuliko wote huingia akala naye. Mipira ilikuwa minne. Mwezi wa Agosti kijana aliondoa mmoja, mzee akakasirika siku tatu, kisha hesabu ikarudi. Jumatatu ataondoa wa pili, na hajamwambia babu yake bado.